Posa Katikati ya Visiki

Rehani alibadilisha shati mara tatu asubuhi ile, na mashati yenyewe alikuwa nayo mawili. Dada yake, Biasha, alikuwa akimtazama kutoka mlangoni huku akipepeta mchele, na mara ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Kaka, anayekuja ni mjomba wa mtu, si fundi cherehani. Vaa moja ukae."

"Hili lina doa."

"Na lile lina tundu. Mzee Likwata ametoka Mtama tangu alfajiri. Unadhani amekuja kutazama mashati?"

La, hakuja kutazama mashati, na hilo ndilo lililomnyima Rehani raha. Mzee Likwata ndiye mjomba aliyemlea Mastura tangu akiwa mdogo, na bila neno lake hakuna ndoa. Alikuwa ametuma ujumbe mfupi kwamba posa hii hataipokelea barazani kwake. Ataipokelea shambani kwa mwanaume mwenyewe, kule mlimani nyuma ya Mchinga, aone kwa macho yake jinsi mtu anayemtaka mpwa wake anavyoishi na ardhi aliyopewa.

Na shamba lenyewe lilikuwa limeungua. Mikorosho sitini na miwili aliyoachiwa na baba yake ilikuwa imeteketea mwezi wa nane mwaka uliopita, ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua. Mchinga nzima ilijua hivyo. Ambacho Mchinga haikujua, na ambacho Rehani alikuwa amekibeba kifuani kwa miezi kumi, ni nani aliyewasha moto ule.

Alikuwa amewasha mwenyewe.

Kweli hiyo ilikuwa ndogo na ya aibu. Kila mkulima wa pwani ile hufagia majani makavu chini ya mikorosho, huyarundika, na huyachoma alfajiri, umande ukiwa bado chini na upepo wa bahari haujaamka. Rehani alichelewa kuamka siku ile. Akawasha lundo lake saa sita mchana, jua la utosi, kisha akakumbuka kwamba kuna mechi, na kwamba kibanda umiza cha Mchinga, penye televisheni, hujaa mapema. Akajiambia lundo litazima lenyewe. Aliporudi jioni, mlima ulikuwa mweusi.

Watu walimkuta amekaa chini kama aliyefiwa. Kabla hajafumbua mdomo, mmoja akasema amemwona Fidelis, yule mrina asali, akipita njia ya juu na kienge cha moshi wa kufukuzia nyuki. Mwingine akasema naye amemwona. Rehani akanyamaza, na kimya chake kikachukuliwa kuwa jibu.

Siku ya tatu Fidelis alikuja mwenyewe, mtu mrefu, mwembamba, kofia mkononi.

"Bwana Rehani, sikuja kugombana. Nimekuja kukuambia usoni kwamba siyo mimi."

"Najua siyo wewe," Rehani alimjibu, akitazama chini.

Masikini Fidelis! Alidhani ameaminiwa. Aliondoka machozi yakimlengalenga, na kesho yake alirudi na shoka begani, akaanza kukata vigogo vilivyoungua bila kuombwa. Haukupita mwezi mke wa Rehani akadai talaka, akarudi kwao, maana alichoka kuishi na mwanaume anayelala mpaka adhuhuri akitazama dari. Ni Fidelis aliyemtoa kitandani. Alikuwa akisimama dirishani na kupiga kelele, "Mheshimiwa, visiki vinakusubiri!" mpaka mwenye nyumba aone haya na kuinuka. Walifanya kazi pamoja, walikula pamoja, walitaniana mchana kutwa. Rehani hakuwahi kupata rafiki kama huyo, na kila alipomtazama moyo ulimuuma.

Kisha, mwezi wa kwanza, akaja Mastura.

Biasha ndiye aliyemleta. Alikuwa amemkuta Mchinga akiwafundisha akina mama kubebesha mikorosho, akaenda moja kwa moja kumwambia, "Dada yangu, kaka yangu ana shamba la visiki na moyo wa kisiki. Njoo uvione vyote viwili." Mastura akacheka, akaja. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mweusi wa kung'aa, hana haraka wala maneno mengi. Alizunguka shamba zima bila kusema kitu, akiinama kila kisiki, akigusa machipukizi mabichi yaliyoanza kutoka pembeni mwa gome lililoungua.

"Haijafa," alisema mwishowe. "Mizizi ya baba yako iko hai. Utanipa wiki tatu?"

Rehani angempa miaka thelathini. Alimtazama akifanya kazi, na kumtazama kukawa ndiyo kazi yake. Mastura alichukua kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mkorosho mzazi ulio bora, akakichonga pande mbili kwa kisu kidogo, akapasua chipukizi la kisiki, akakipachika humo na kukizungushia nailoni kwa vidole vyepesi visivyotetemeka. Hakuharibu hata kimoja. Mvua ikimkuta hakukimbia, alijifunika khanga kichwani na kumalizia. Na akimaliza kisiki kimoja alikuwa na desturi ya kukigonga kwa kiganja mara mbili, taratibu, kama mtu anayemwambia mtoto lala. Siku Rehani alipoona hilo alijua kwamba amekwisha.

Walizungumza sana wiki zile. Siku moja, wakila ming'oko, vile viazi vya porini, chini ya banda la makuti, alimuuliza kwa nini hakuolewa tena.

"Niliolewa na mtu mpole," Mastura alisema. "Hakuwahi kunipandishia sauti. Aliniambia yuko Kilwa Masoko kwa kazi, kila wiki ananipigia simu, ananiuliza nimekula nini. Miaka miwili. Kumbe ameoa huko na ana mtoto anatembea. Kila mtu alijua isipokuwa mimi. Rehani, mwanaume mkali ninaweza kumvumilia. Hata mvivu nitamsukuma. Mwongo siwezi. Nikigundua mtu amenificha jambo, mimi naondoka na kisu changu na begi langu, wala sirudi nyuma kuuliza."

Ming'oko yote iligeuka majivu mdomoni mwa Rehani. Pale pale angesema. Hakusema. Alijiambia atasema kesho, na kesho hiyo ikawa miezi mitano. Vikonyo vikashika, vikatoa majani mekundu, kisha ya kijani, na mapenzi yao yakakua navyo mbele ya macho ya kila mtu. Sasa leo ilikuwa Alhamisi ya posa, na aliyechaguliwa kuwa mshenga, kwa mapenzi ya Rehani mwenyewe, alikuwa Fidelis.

Mzee Likwata alifika saa tano. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti iliyomzidi kimo, kanzu imepigwa pasi, ndevu zimechongwa.

"Shikamoo mjomba," Rehani alimpokea kwa mikono miwili.

"Marahaba. Mimi si mjomba wako bado. Shamba liko wapi?"

"Karibu kwanza ukae, mzee, upate maji."

"Maji nimekunywa Mchinga. Nionyeshe shamba."

Wakalizunguka, mzee mbele, Rehani na Fidelis nyuma yake. Mastura alibaki uani na Biasha kama adabu inavyotaka, lakini ua ule ulikuwa wa makuti yaliyochoka, na Rehani aliiona khanga yake ya njano ikihama kutoka tundu moja hadi jingine. Mzee alisimama kila baada ya visiki vitatu. Alivuta jani, akalinusa. Alitazama chini ya mti kama pamepaliliwa. Palikuwa pamepaliliwa kweli. Kila kisiki kilikuwa na kichwa cha majani mapya kufikia kiunoni, na ukisimama juu ya mteremko ukatazama chini ungeweza kusahau kwamba mlima huu uliwahi kuwa mweusi.

"Kazi ya Mastura hii," mzee alisema, na sauti ikalainika kidogo. "Huyu mtoto alirudi kwangu kutoka kwa mumewe na begi moja. Watu wakasema ameshaharibikiwa. Mwaka wa pili ana kitalu, wa tatu anaitwa na vijiji. Mimi nilimfundisha kusoma Kurani tu, hayo mengine kajifunza mwenyewe."

"Ni mwanamke wa peke yake, mzee," Rehani alisema kabla hajajizuia.

Mzee Likwata akamgeukia. "Nani amekuuliza? Tangu lini mposaji akasema? Mwenye kusema ni mshenga. Wewe kazi yako leo ni kunyamaza."

"Samahani, mzee."

Na kweli ndivyo desturi inavyotaka. Katika posa, mwanaume hasemi. Anasemewa. Atakaa ameinamisha kichwa, na mshenga atamsifu, atajibu maswali, atamkingia pale pabaya. Rehani alikuwa ameishukuru desturi hiyo usiku kucha. Leo hakuna atakayemlazimisha kusema lolote.

Wakakaa bandani. Biasha akaleta kahawa na kashata, akaondoka kwa hatua za mtu asiyetaka kuondoka. Mzee akamtazama mshenga juu hadi chini.

"Wewe jina lako nani?"

"Fidelis, mzee."

"Mkristo?"

"Mkatoliki, mzee. Lakini leo nimekuja na shida ya Mwislamu."

Mzee akakohoa kuficha cheko. "Haya. Sema shida yako."

Fidelis alivua kofia, akaiweka gotini. Alikuwa mtu wa utani, lakini siku ile alikuwa amejiandaa kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi, na sauti yake ilitoka ya heshima tupu.

"Mzee wetu, tumeona ua kwako, tukalipenda. Aliyelipenda ni huyu ndugu yangu, Rehani. Nami sitakupamba maneno. Hana gari, hana duka. Ana shamba hili uliloliona na mikono uliyoishika. Aliangushwa akainuka. Wengine wakiangushwa hukaa chini wakisubiri huruma."

"Aliangushwa na nini?"

"Na moto, mzee. Mwaka jana, mwezi wa nane."

"Nimesikia. Nilisikia kuna mrina asali aliyeuwasha."

Fidelis akainua macho, akamtazama usoni.

"Mrina asali huyo ni mimi, mzee."

Kikombe cha Mzee Likwata kilisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Wewe?"

"Ndivyo walivyosema watu. Sikuuwasha, Mungu wangu anajua. Lakini walisema. Wanangu waliitwa watoto wa mchoma moto. Asali yangu ilikaa ndooni, hakuna aliyeitaka. Mke wangu aliacha kwenda kisimani mchana." Alimgeukia Rehani, na uso wake ukachanua kwa upendo ambao Rehani angetoa kila kitu asiuone. "Mtu mmoja tu, mzee, mwenye shamba lenyewe, mwenye hasara yote, aliniambia, 'Najua siyo wewe.' Hakuniuliza ushahidi. Aliniamini. Ndiyo maana nimesimama mbele yako. Mwanaume anayeweza kumwamini adui wa kijiji hatamdhulumu mwanao."

Mzee Likwata aliweka kikombe chini. Alimtazama Rehani kwa jicho jipya, jicho la mtu aliyekuja kukataa na sasa anaona sababu ya kukubali.

"Hili ni neno kubwa," alisema polepole. "Wallahi ni neno kubwa. Mimi nilikuja na swali moja tu, kama huyu bwana ni mzembe aliyeunguza mali ya baba yake. Kama ni mkono wa mtu mwingine, basi hana lawama. Na kama aliweza kumtetea asiye na hatia, basi..." Akanyoosha mkono kuchukua kashata. "Basi mshenga, sina la kuongeza."

Yalikuwa yamekwisha. Rehani alitakiwa kuinamisha kichwa tu, mambo yaishe, na Mastura awe wake. Nyuma ya makuti khanga ya njano ilikuwa imetulia pale pale. Alijua anasikiliza. Alijua pia kwamba akinyamaza sasa hatakuja kusema tena maishani, na kila asubuhi atakapoamka ubavuni mwa mwanamke yule mzuri atakuwa ndiye yule mpole wa Kilwa Masoko anayeuliza umekula nini.

"Nilijua siyo yeye," alisema.

Mzee akakunja uso. "Nimekwambia mposaji..."

"Nisamehe, mzee. Nilijua siyo yeye kwa sababu ni mimi."

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Ikabidi aendelee, na maneno yakatoka moja moja.

"Nilirundika majani nikawasha saa sita mchana. Nilichelewa kuamka. Halafu kulikuwa na mpira Mchinga. Nikaliacha lundo linawaka, nikaenda kutazama mpira. Niliporudi watu walikuja wakamtaja Fidelis, na mimi nikawaacha wamtaje. Alipokuja kuniambia siyo yeye, nilimjibu najua. Sikumwamini, mzee. Nilijua tu."

Kuku walikuwa wakiparua nje ya banda. Fidelis alikuwa hajasogea. Alimtazama Rehani kwa muda mrefu, akitafuta utani usoni mwake, na hakuupata.

"Miezi kumi," alisema kwa sauti ndogo. "Rehani. Miezi kumi tunakula sahani moja."

"Ndiyo."

"Ulinisikia nikikueleza habari za wanangu."

"Ndiyo."

Fidelis alivaa kofia yake, akaiweka sawa kwa uangalifu, akainuka. "Mzee, uniwie radhi," alimwambia Likwata, akatoka bandani na kushuka njia ya mteremko bila kugeuka nyuma.

Mzee Likwata alibaki amekaa na kashata yake mkononi.

"Sasa mshenga ameondoka," alisema. "Mambo gani haya? Mimi umri huu sijapata kuona posa inakimbiwa na mshenga."

Makuti yakasukumwa, Mastura akatoka. Biasha alikuwa akimvuta khanga nyuma, "Dada, subiri, wee Mastura!" lakini ilikuwa bure. Alikuja akasimama mbele ya banda, mikono kifuani, macho yamejaa maji. Rehani hakuthubutu kumtazama juu ya magoti.

"Nilijua," Mastura alisema.

Rehani akainua kichwa.

"Siku ya kwanza nilipozunguka. Visiki vya katikati vimeungua pande zote. Vya pembeni vimeungua upande unaotazama ndani. Moto wa mpita njia unaingia kutoka njiani. Huu ulitoka ndani ukaelekea njiani. Nimebebesha kila kisiki hapa kwa mkono wangu, ulidhani sitaona?"

"Na hukusema."

"Lilikuwa la kwako kusema. Nilikupa mlango siku ile ya ming'oko, nikakuhadithia aibu yangu yote, nikasema sasa atasema. Ukatafuna ukanyamaza." Sauti yake ilikatika, akaivuta tena. "Kila wiki nilifunga begi, Rehani. Kila wiki nikalifungua. Nilijiambia, nikisikia mjomba amekubali na huyu mtu bado kanyamaza, naondoka na mjomba gari moja. Begi liko uani pale, Biasha ameliona."

"Ni kweli," Biasha alisema kutoka nyuma ya makuti.

"Mastura, mimi..."

"Usinitazame mimi!" Alinyoosha mkono kuelekea mteremko. "Mimi hukunidhulumu kitu. Uliyemdhulumu anashuka kule. Umekaa hapa unafanya nini?"

Rehani alimtazama mzee, maana kuondoka mbele ya mkwe bila ruhusa ni utovu wa adabu. Mzee Likwata alimpungia mkono kama anayefukuza nzi.

"Nenda, nenda! Mimi bila mshenga sina wa kuzungumza naye. Nitakunywa kahawa."

Alimkuta Fidelis chini kabisa, penye kijito kinachokatiza njia, amekaa juu ya jiwe, viatu ameviweka kando. Rehani alisimama hatua chache kutoka kwake, pumzi zikimwishia. Fidelis hakugeuka.

"Unajua niliporudi nyumbani siku ile ya tatu," alisema, akiyatazama maji, "nilimwambia mama watoto, yuko mtu mmoja Mchinga hii. Nilikutaja kwenye sala. Mpaka Jumapili iliyopita, Rehani, nilikutaja."

Rehani alichuchumaa pale pale kwenye tope na suruali yake ya posa.

"Sina cha kukwambia," alisema. "Kesho Ijumaa. Baada ya swala nitasimama mlangoni mwa msikiti, nitasema kwa mdomo wangu. Jumapili nitakuja kanisani kwenu, nisimame nje, niseme. Gulioni pia. Nyumba kwa nyumba nitapita, na kwa mkeo nitaanza."

"Utasema ulichelewa kuamka?"

"Nitasema."

"Na la mpira utalisema?"

"Na la mpira."

"Watakucheka mpaka uote mvi."

"Wacha wanicheke. Walikusema wewe vibaya zaidi."

Fidelis aliokota kijiwe, akakitupa majini.

"Walishinda?"

"Nani?"

"Timu yako. Siku hiyo."

"Tulifungwa tatu bila."

Kitu kilimpanda Fidelis kifuani. Alijaribu kukizuia, akakaza midomo, akashindwa. Kilikuwa kicheko na kilio kwa pamoja, kikamtikisa mabega yote mawili, na Rehani alilia naye bila kuona haya.

"Usidhani nimekusamehe," Fidelis alisema alipopata pumzi, akijifuta kwa kofia. "Sijakusamehe. Nina hasira na wewe ya kunitosha mpaka masika. Nitakuja kukuonyesha kila siku."

"Njoo."

"Na mke wangu usimwendee mikono mitupu. Ana ulimi."

"Sawa."

"Haya, inuka. Umejipaka tope kama nguruwe pori, na mzee wa watu ametoka Mtama." Akavaa viatu. "Mimi nikianza kazi huimaliza."

Walipopanda mteremko, Mzee Likwata alikuwa kwenye kikombe cha tatu, na Mastura amesimama pale pale Rehani alipomwacha. Aliwaona wote wawili, akashusha pumzi ndefu. Rehani alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu hakuwa na kitu cha kuficha machoni. Alimwona mzuri kuliko siku zote, na aliona kwamba anaweza kumkosa.

Fidelis hakukaa. Alisimama mbele ya mzee, akavua kofia.

"Mzee wangu, naomba nirudie posa. Ile ya kwanza haikuwa na msingi."

"Rudia."

"Nimekuja kumposea mtu ambaye leo simpendi. Saa moja iliyopita nilikuambia ni mtu mwema, na sikujua ninachosema. Sasa namjua. Ni mzembe kidogo, na alikuwa mwoga miezi kumi. Leo angeweza kunyamaza akapata alichokitaka, na hakunyamaza. Sina sifa nyingine ya kumpa. Nimemaliza."

Mzee Likwata alikaa akizichezea ndevu zake. Alimtazama Rehani, tope mpaka magotini.

"Nimeoza mabinti wanne," alisema, "na kila mshenga aliniletea malaika. Nikaja kuwajua baada ya harusi. Huyu angalau nimemjua mapema." Akamgeukia mpwa wake. "Msichana akinyamaza huwa tunasema amekubali. Lakini wewe si msichana, na leo nimechoka na watu wanaonyamaza. Mastura, unasemaje?"

Mastura hakumtazama Rehani. Alimtazama Fidelis.

"Shemeji, harusini utakuja?"

Fidelis aliizungusha kofia mikononi, mara moja, mara ya pili.

"Nitakuja," alisema. "Sitakaa karibu naye. Lakini nitakuja."

"Basi nimekubali," Mastura alisema, na hapo ndipo alipomgeukia Rehani, akamwacha amtazame.